Kamba ya Kavaluku

Kifuniko cha mtungi kilikataa kufunguka. Nzembi alikizungusha kwa kiganja, akakizungusha kwa pindo la leso, mwishowe akakigonga kwa mpini wa kisu kama alivyozoea miaka yote ya ndoa yake. Kilipolegea, chini yake alikuta kipande cha plastiki kimekunjwa mara mbili na kutandazwa mdomoni ili maji yasimwagike njiani. Akamimina maji sufuriani, akaitia sufuria motoni, akachota majani ya chai. Maji yalikuwa yameanza kuchemka ndipo mkono wake ukaganda hewani.

Mtu aliyefunga mitungi namna ile alikuwa mmoja tu katika Mwala yetu yote, naye ni Masila, mume wake. Na Masila tulikuwa tumekwisha kumzika.

Sasa tulia nikueleze, maana kisa hiki watu wa sokoni wamekiharibu. Wengine watakuambia Masila alinunua majini Mombasa, yakakosa damu, yakaja kudai. Waongo wakubwa. Masila hakuwahi kufika hata Mtito Andei. Jini aliyeingia kwa Nzembi hakununuliwa. Alikabidhiwa, tena kwa sala, na watu waliokuwa wanalia.

Masila alikuwa mchuuzi wa maji. Ilikuwa mwaka wa elfu mbili, wakati wa ule ukame ambao ng'ombe walisimama wameegemea miti kwa sababu aliyelala hakuinuka tena. Kila alfajiri Masila alishuka mtoni, na mto wenyewe ulikuwa mchanga mtupu, akaingia kwenye kisima alichokichimba mchangani, akachota kwa kibuyu kidogo kidogo mpaka mitungi minne ijae. Aliipakia kwenye shogi la magunia mgongoni mwa punda, akapita nyumba hadi nyumba.

Punda huyo alimlea tangu akiwa mdogo asiyeweza kuruka mtaro. Alimwita Kavaluku, yaani sungura kwa Kikamba, kwa ajili ya masikio yale. Watu walimcheka, punda mzima kuitwa sungura, naye akawajibu, "Mkipata wenu mtawaita maaskofu." Hakumpiga fimbo hata siku moja. Alimwongoza kwa kamba ya mkonge aliyoisokota mwenyewe, ncha moja kwenye shingo ya Kavaluku, nyingine ameizungusha kwenye kifundo cha mkono wake, na kamba yenyewe ililegea siku zote, maana walitembea bega kwa bega. Akifika nyumbani jioni alimsalimia punda kwanza, kisha mke, kisha mtoto. Nzembi alizoea kusema, "Huyo ndiye ulimuoa. Mimi nilikuja kusindikiza." Lakini alisema hivyo huku akimwekea Kavaluku maganda ya viazi.

Mtoto wao alikuwa mmoja, Kamanthe, wa miaka tisa. Jumamosi hakuna shule, kwa hiyo Kamanthe alipanda juu ya jiwe jeupe lililo langoni, akamrukia Kavaluku mgongoni katikati ya mitungi mitupu, wakaenda mtoni wote watatu.

Visima vya mchangani huua, na kila mtu kwetu anajua. Kadiri maji yanavyokwenda chini ndivyo unavyochimba, na kuta zake ni mchanga tu. Siku ya msiba, Kamanthe akiwa shuleni, Masila alikuwa ameingia kina cha watu wawili. Ukuta ukaanguka. Ndugu yake, Mwangangi, alikuwa karibu, akapiga mayowe, tukaja na majembe na beseni. Tulichimba mpaka jioni, na kila beseni tuliyotoa mchanga ulirudi mbili. Kisha mvua ikanyesha mbali sana, huko milima ya Iveti, sisi hatukupata hata tone, na mafuriko yakashuka mtoni ghafla na kusawazisha kila kitu. Maji yalipopita hakuna aliyejua kisima kilikuwa wapi.

Wanaume walichimba chini ya mgunga ulioinama. Kavaluku yeye aliteremka zaidi na mto, peke yake, akasimama mahali pamoja akiparua mchanga kwa kwato. "Ana kiu, anatafuta maji," watu wakasema, wakamfukuza kwa mawe. Alirudi palepale. Wakamfukuza tena. Nilikuwepo, na sikusema kitu.

Mwili haukupatikana. Wazee wa ukoo wakasema mtu asiyezikwa hatulii, basi azikwe kwa vitu vilivyomjua. Tukanunua sanduku. Nzembi akatia shati lake na kofia. Mwangangi akaja na kamba ya punda, amevimba macho kwa kulia. "Hii ndiyo mkono wake ulikuwa unaijua," akasema, akaikunja vizuri na kuiweka ndani. Katekista akabariki. Tukaimba, tukafukia, na juu tukamwaga simiti. Nani angeona ubaya hapo? Ilikuwa mapenzi matupu.

Matanga yalipokwisha, Nzembi alijifunga kibwebwe afanye kazi ya mumewe, maana mtoto lazima ale. Alimpakia Kavaluku mitungi mitupu, akageuka kufunga mlango. Kugeuka tena, punda hayupo. Akamtafuta mpaka barabarani, akamkosa. Jua lilipofika utosini Kavaluku akarudi peke yake, anahema, mitungi yote minne imejaa, na vifuniko ndivyo hivyo vilivyokataa kufunguka.

Kesho yake ikawa hivyohivyo. Nzembi akajilazimisha kuamini ni wasamaria wema wa mtoni. Akaenda kuwashukuru. Alimkuta jirani yake Mbula kwenye foleni ya kisima, amekalia ndoo.

"Asante kwa kunijazia mitungi," Nzembi akamwambia.

"Mitungi gani?"

"Ya punda. Si ni nyinyi mnamjazia?"

Mbula akaigonga ile ndoo aliyoikalia. "Mama Kamanthe, mimi niko hapa tangu giza na sijapata hata debe moja. Nani atajaza yako na yangu iko tupu?"

"Lakini punda anakuja huku."

"Haji huku. Anapita kule chini." Mbula akaonyesha kwa kidevu ile sehemu ya mto ambayo watu hawakwenda tena. "Sisi tunamwona tu akipita. Na hakuna mtu huko."

Nzembi hakwenda huko chini kutazama. Tena nitasema ukweli ingawa ni mwenzangu wa kanisani: alifurahi. Alirudi nyumbani moyo unamdunda kwa furaha kama msichana. Alijua ni nani anayejaza. Maji yale yalikuwa meupe, baridi, matamu, wakati sisi wengine tulikuwa tunachuja tope kwa kitambaa. Aliyanywa kwa mikono miwili. Vile vipande vya plastiki alivikausha na kuvitandaza chini ya godoro, upande aliokuwa akilala Masila. Aliyouza aliuza, na tulioyanywa tuliyanywa, mimi nikiwemo. Mtu akiwa na kiu haulizi.

Halafu ikaanza harufu. Saa sita mchana, ardhi imepasuka na mbingu hazina hata wingu la kupigia mfano, nyumba ya Nzembi ilijaa harufu ya mvua ya kwanza, ile ya udongo uliolowa. Kuku walikimbilia chini ya ghala. Harufu ilikuja mbele kidogo ya Kavaluku na ikabaki baada yake.

Na Kavaluku akaanza kukonda. Alirudi miguu ikimtetemeka, hataki nyasi, hataki hata maganda ya viazi. Manyoya ya shingo yake, nyuma ya masikio, yalichubuka, kisha ngozi ikachubuka, ikatoka damu. Kamanthe alimwosha kwa maji ya chumvi kila jioni, akimnong'oneza maneno yao wawili. Jioni moja akamwita mama yake.

"Mwaitu, nani anamfunga Kavaluku?"

"Hakuna mtu anamfunga. Kamba yake ilizikwa, si uliona."

"Basi mbona iko hapa?"

Mtoto akachukua kidole cha mama yake akakiweka juu ya kidonda. Macho ya Nzembi yaliona shingo tupu. Kidole chake kiligusa kamba. Ilikuwa kamba ya mkonge, imelowa, imekaza, na nyuzi zake zilikuwa zinasogea polepole chini ya kidole, kama kamba inavyosogea mtu aliye upande wa pili anapojiweka sawa apate kushika vizuri. Nzembi akauvuta mkono wake. Alikaa usiku mzima akijiambia kwamba ni Masila tu, ni Masila anamshika rafiki yake, lakini Masila hakuwahi kukaza kamba.

Jumamosi ikafika. Kavaluku alipakiwa mitungi na hakuondoka. Alikwenda akasimama kando ya jiwe jeupe la langoni, pale pale Kamanthe alipokuwa akipandia. Nzembi alimfungia mtoto chumbani akaweka mgongo wake mlangoni, na kupitia dirishani aliona punda amepanda kwato chini na kunyoosha shingo mbele, mbele ambako hakukuwa na kitu ila barabara na vumbi, na ngozi ya shingo inaingia ndani mstari mwembamba, na damu inashuka mpaka kifuani, na harufu ya mvua imejaa nyumba hadi kuta zinatoa jasho, na hakuna sauti yoyote, kuku hawalii, nzi hawalii, mpaka jua lilipoanza kuinama na punda akaanguka magoti.

Jumatatu mitungi ilirudi imejaa mchanga mbichi hadi mdomoni, na vifuniko vimekazwa kwa plastiki iliyokunjwa mara mbili.

"Baba yako ana hasira," Nzembi akamwambia binti yake kwa sauti ya chini. "Anataka kukuona tu."

Kamanthe akatikisa kichwa. "Si Baba, mwaitu."

"Umejuaje?"

"Nasikia ananiita pale kwa jiwe. Anaita na sauti ya Baba kabisa. Lakini ananiita mimi kwanza." Mtoto akamshika mama yake leso. "Baba alikuwa anaanza na Kavaluku."

Hapo ndipo Nzembi alipoogopa. Alichoma vile vipande vya plastiki vyote, akamwaga chai iliyokuwa mezani, akamkumbatia mtoto wake, na tangu hapo hakuwa na jambo lingine duniani ila hilo moja: mtoto huyu asiende mtoni. Mume alikwenda. Mtoto asiende.

Walikwenda Machakos, yeye na Mwangangi, bila kumwaga siri kwa katekista. Mjini kuna Mwislamu mmoja anaitwa Sharifu, muuza manukato na ubani karibu na soko, ambaye pia husomea watu. Hakuwa mtu wa kutisha. Alikuwa na pumu, na alipozungumza alisimama katikati kuvuta pumzi. Aliwasikiliza, akafunga duka mchana kweupe, akaja nao.

Alimtazama Kavaluku muda mrefu. Alipeleka mkono shingoni kwake, akaurudisha haraka na kuufuta kwenye kanzu.

"Mlizika nini?" akauliza.

"Shati," Nzembi akasema. "Na kofia."

"Na kamba," Mwangangi akasema. "Mimi ndiye niliweka."

Sharifu akakaa juu ya mtungi. "Marehemu hashiki kamba, ndugu zangu. Marehemu yuko kwa Mola wake. Lakini mtoni mle wamo wenyewe, walikuwepo kabla ya visima vyenu, na hawakuwa na njia ya kupanda huku juu. Nyinyi mmefunga ncha moja kwenye nyumba yenu na mmewapa ncha ya pili washike."

"Tutafanya nini?" Nzembi akauliza.

"Itoeni. Mkiipata, nitaisomea na kuikata."

Wakavunja simiti jioni hiyohiyo, Mwangangi na wanaume wawili wa ukoo, kwa sululu. Udongo wa juu ulikuwa mkavu unaopeperuka. Walipofika kwenye sanduku walishindwa kuliinua, maana lilikuwa zito kuliko lilivyozikwa. Wakafungua kifuniko mumo humo shimoni. Lilikuwa limejaa mchanga wa mto, mchanga mbichi unaochuruzika maji, katika kilima ambacho hakijaona mvua mwaka mzima, na mchanga huo ulikuwa unapanda na kushuka polepole, unapanda na kushuka, mithili ya kifua cha mtu aliyelala. Shati lilikuwepo. Kofia ilikuwepo. Kamba haikuwepo.

Mwangangi alitoka shimoni akaenda kutapika kando ya ua. Sharifu alisoma aliyokuwa nayo, sauti inakatika, akasoma tena, na mchanga haukuacha kupumua. Mwisho akafunga kitabu chake.

"Mama, sitakudanganya," akamwambia Nzembi kwa upole. "Elimu yangu imefika hapa. Nitarudi Ijumaa baada ya swala, nije na mwalimu wangu. Mpaka hapo mtoto asitoke nje jua likiwa utosini. Na msimguse huyu punda, msimpeleke popote."

"Lakini si ndiye anatuletea haya?"

"Tazama kidonda kiko wapi. Mnyama anayefuata hachubuki shingo ya nyuma. Anayechubuka ni anayekataa." Akavuta pumzi. "Hawamtaki punda hawa. Punda anavuta kurudi nyumbani. Yeye ndiye ameshikilia."

Nzembi alielewa. Alikwenda akamwekea Kavaluku kichwa chake begani na kulia, kwa sababu ya yale mawe mtoni, na kwa sababu ya mambo yote aliyomdhania. Lakini Mwangangi alikuwa ng'ambo ya ua anatapika, hakusikia neno. Na Nzembi, kwa uchovu wa siku ile, alilala bila kumwambia. Laiti angemwambia. Neno moja tu, shemeji, punda ndiye mlinzi wetu, nasi leo tungekuwa tunasimulia mengine.

Mwangangi si mtu mbaya. Ni mtu aliyeweka kamba kwenye sanduku la ndugu yake kwa mapenzi, na tangu jioni ile hakuweza kumeza chakula. Kwetu kitu cha mwenyewe kikikuletea mashaka, unakirudisha kwa mwenyewe, unasema maneno mawili, mambo yanaisha. Ndivyo alivyofundishwa na ndivyo alivyofanya. Asubuhi Nzembi akiwa jikoni, alimtoa Kavaluku kwa mlango wa nyuma ya ua na kumshusha mtoni. Punda alimgomea njia nzima. Akamsukuma kwa bega. Walifika mahali pale pa chini, pale alipokuwa akiparua siku zile, na Mwangangi akavua kofia, akasema, "Ndugu yangu, chukua chako. Tuachie mtoto."

Alinisimulia mwenyewe, na mpaka leo akisimulia hutazama viatu vyake. Alisema Kavaluku hakwenda mbele hata hatua moja. Alijigeuza akaelekea nyumbani, akapanda kwato zote nne na kuvuta, shingo imenyooka upande wa Mwala juu, kidonda kimefunguka, anavuta kama anavyovuta mnyama aliyefungwa gari lililonasa, na mchanga ukaanza kulainika chini ya miguu yake ya nyuma, ukamla mapaja, ukamla tumbo, naye anavuta, ukafika mgongoni, naye anavuta, hatazami chini, hamtazami Mwangangi, anatazama njia ya nyumbani. Hapo ndipo Mwangangi alipofahamu. Alijitupa chini akamshika masikio yale marefu kwa mikono yote miwili akavuta pamoja naye, akilia na kumwita jina lake, mpaka masikio nayo yakaingia, na mikononi mwake hakubaki na kitu ila mchanga.

Jua lilikuwa utosini.

Nyumbani, Nzembi alikuwa amekaa mkekani na Kamanthe, wanachambua maharagwe. Harufu ya mvua iliingia kwa nguvu ambayo haijapata kuwa nayo. Akasubiri kwato. Kwato hazikuja. Kisha mkono wa kulia wa Kamanthe uliinuka wenyewe kutoka kwenye ungo, ukanyooka mbele, vidole vimelegea, na kwenye kifundo cha mkono ngozi ikabonyea pande zote, mstari mwembamba unaozunguka, mzunguko mmoja, mzunguko wa pili, jinsi Masila alivyokuwa akiizungusha.

"Mwaitu," mtoto akasema polepole, "Kavaluku ameachilia."

Mkono ukavutwa. Nzembi alimshika kiuno, na wote wawili wakaburutwa juu ya mkeka, maharagwe yanatawanyika, wakapita kizingiti, wakapita ua, visigino vya Nzembi vinachimba mistari miwili vumbini, wala hakukuwa na ghafla wala fujo, ilikuwa nguvu moja tulivu isiyoongezeka wala kupungua, na mtoto halii, anatazama tu mkono wake unavyokwenda, wakafika kwenye jiwe jeupe, na hapo ndipo Mbula na wengine wetu tuliosikia Nzembi akiita tulipofika tukawashika, watu wazima sita, na bado tulisogea. Tulishika mpaka jua likainama kidogo. Kisha ikalegea. Haikukatika, ililegea tu, kama ya mtu anayepumzika.

Ijumaa Sharifu alikuja na mwalimu wake, mzee mkimya. Mzee aliushika mkono wa Kamanthe, akauangalia, akauliza punda yuko wapi. Alipoambiwa akafungua kitabu. Walisoma mpaka magharibi. Walipokuwa wakiondoka Sharifu hakuweza kumtazama Nzembi usoni.

"Inalegea tukisoma," alisema. "Kukatika, sijui. Mhamishe mbali na mto. Na usimwache peke yake saa ile."

Basi wakahamia Machakos mjini, chumba kimoja nyuma ya soko. Miaka imepita. Mvua zimekuja, mto umefurika na kukauka mara nyingi. Pale mtoni hatuchoti tena. Mwangangi hana mke wala mifugo. Sharifu huenda kumsomea Kamanthe kila Ijumaa bila kuchukua chochote, na Kamanthe amekuwa mwanamke mzima, mrefu, mwenye nguvu za baba yake. Anashona nguo kwa mashine, na kazi yake ni nzuri. Lakini jua likikaribia utosini anafunika mashine, anakaa sakafuni, mama yake anakaa nyuma yake, anamfunga leso kifuani na kuzungusha pindo zake kwenye mikono yake mwenyewe. Chumba kinanuka mvua. Mkono unainuka. Walipohama nyumba ndani ya mji uleule, mkono ulinyooka upande mwingine wa chumba, maana unajua Mwala iko wapi.

Juzi niliwatembelea. Nzembi amezeeka. Vidole vyake vimekakamaa kwa baridi yabisi, kikombe cha chai anakishika kwa viganja. Saa ilipofika alihangaika na fundo la leso mpaka nikaona haya kutazama, kisha akaninyooshea pindo zile.

"Hebu shika wewe kidogo," akasema.

Nikakaa nyuma ya Kamanthe, nikazungusha leso mikononi. Mkono wake ukainuka. Nikahisi mvuto unapita kwenye mwili wa yule binti na kuniingia mabegani, mzito, tulivu, hauna haraka yoyote. Kamanthe alikuwa ananong'ona kitu kwa sauti ndogo, maneno ya zamani aliyokuwa akimwambia punda akimwosha shingo. Nyuma yangu Nzembi alikuwa ananitazama mikono.

"Unaonaje," akaniuliza, "utaweza?"

Nikamwambia nitaweza.